Homoni Ipi Hasa? Majibu ya Barua Zenu za Mwezi Huu

Barua za mwezi huu zimetoka Kondele, Mbale, Kakamega, Nakuru, Maseno na Bungoma, na karibu zote zinalia homoni. Homoni zimeharibika, homoni zimepanda, homoni zinataka kusafishwa. Nimechagua zile zinabeba maswali ya wengi. Kabla hatujaanza nawaomba kitu kimoja, ukiambiwa homoni zako haziko sawa uliza ni homoni ipi. Mwili uko na nyingi, kuna insulini ya kongosho inayoshughulikia sukari, kuna zile za tezi ya shingo, estrojeni na projesteroni za ovari, kotisoli inayopanda ukiwa na mawazo, na kila moja ina kipimo chake na shida yake, sasa mtu akikuuzia chupa moja ya kutibu zote na hajakupima hata tone la damu, huyo anatafuta pesa yako.

*Habari yako anti. Niko Kondele, nina miaka 27, sijazaa bado. Period zangu zinakuja vile zinataka, zinaweza kaa miezi miwili au mitatu alafu zikija ni wiki nzima inamwagika. Nimeota ndevu kwa kidevu hadi nanyoa na wembe, na tumbo linaongezeka tu hata nikikula kidogo. Kuna mama ananiuzia pakiti ya chai na vidonge vya miti shamba, ati ni ya kusafisha homoni na kizazi. Nilitumia ya kwanza nikahara sana, akasema ni uchafu unatoka. Sasa anataka ninunue ya pili. Ninunue?*

Usinunue dadangu. Kuhara hakukuwa uchafu wa homoni, homoni hazikai tumboni zikingoja kufagiliwa. Zikimaliza kazi ini ndilo linazivunja, zinatoka kwa mkojo na choo kila siku bila wewe kununua kitu. Chai nyingi za namna hiyo zinawekwa sena, mmea wa kuharisha, na ukiendelea nayo unapoteza maji na chumvi za mwili kama potasiamu ambayo moyo unaihitaji, na kama unameza vidonge vya kupanga uzazi unaweza kuvitoa kabla havijaingia kwa damu. Na hivyo vidonge visivyo na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo ndivyo vinaniogopesha zaidi, kwa sababu dawa kama hizo zimewahi kupatikana zimechanganywa na dawa kali za hospitali, watu wanavimba uso, presha inapanda, na hawajui imetoka wapi.

Sasa tuje kwa mwili wako. Period za kuruka ruka, ndevu na tumbo, hizo tatu zikikaa pamoja zinanifanya nifikirie PCOS, ile hali ambayo yai linashindwa kukomaa vizuri kila mwezi na homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, zinazidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria inapata kama mwanamke mmoja kwa kila 10 walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi hawajui wanayo, kwa hivyo usijione umelaaniwa na usikubali mtu akuambie umerogwa. Lakini mimi siwezi kukupima kwa barua. Nenda hospitali, pale Kisumu hata Jaramogi wako na kliniki ya wanawake, uwaambie haya yote vile umeniambia mimi, na hiyo ya wembe usiione aibu kuisema. Wataanza na kipimo cha mimba hata ukiwaambia haiwezekani, usikasirike, ndio utaratibu. Alafu damu ya kupima tezi ya shingo, prolaktini ambayo ni homoni ya maziwa, testosteroni ambayo ni homoni ya kiume, na sukari, na labda skani ya ovari. Tezi ikilegea period zinaweza kuvurugika vile vile, prolaktini ikipanda pia, ndio maana nasema ipi hasa.

Kuna jambo moja sitaki ulipuuze. Ukikaa zaidi ya miezi mitatu bila kuona damu na huna mimba wala hutumii sindano ya kupanga uzazi, ukuta wa ndani wa kizazi unaweza kuzidi kuwa mnene, na ukizoea kukaa hivyo miaka mingi inaweza kuleta shida kubwa, hata saratani. Daktari anaweza kukupa projesteroni ya siku chache damu itoke. Hiyo ni dawa ya kweli na hakuna mboga inafanya kazi yake.

Chakula kinaingia wapi? Kinaingia sana, kwa sababu wengi wenye PCOS mwili wao unakataa kusikia insulini, kongosho linatoa nyingine na nyingine, na hiyo insulini nyingi ndiyo inachochea ovari zitoe homoni za kiume. Ukituliza sukari unatuliza insulini, na ovari zinapata nafuu. Ukiwa na kilo 80, kupunguza hata kilo 4 mpaka 8 kunaweza kurudisha period. Si lazima uwe mwembamba. Na hapo ujipange, kwa sababu yai likianza kutoka mimba inaweza kuingia, kama hutaki mtoto sasa hivi usijiachilie.

Usiache ugali, nani ataishi Kisumu bila ugali. Lakini ule ugali wa kufunika sahani na kimchuzi pembeni, hapo ndipo shida iko. Nataka nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe samaki au maharagwe au dengu au mayai, na ile robo imebaki ndiyo ya ugali, kama saizi ya ngumi yako. Unga wa wimbi na mtama ni mzuri kuliko sembe nyeupe, una nyuzi na madini zaidi, lakini bado ni wanga, usikule mlima mara mbili kwa sababu ni wa rangi. Mboga uko nazo mlangoni, soko la Kibuye wanauza osuga, dek, boo, apoth, mitoo, zote hizo, na mimi nasema bila kuogopa zinashinda poda yoyote ya kijani ya kwa kopo. Zipike bila kumwaga maji mara tatu, maana unamwaga vitamini, na magadi weka kidogo sana au acha kabisa, yanalainisha apoth ndiyo lakini yanaua vitamini C na yana chumvi ya kupandisha presha.

Asubuhi ndipo wengi wanaharibu. Chai ya maziwa vijiko vinne vya sukari na mandazi tatu, saa nne njaa imerudi unakimbilia soda. Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 53, hiyo ni karibu vijiko 13, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ukitaka kuwa salama zaidi ni usizidishe karibu gramu 25 kwa siku nzima. Jaribu nduma au kiazi kitamu na yai la kuchemsha, au uji wa wimbi usio na sukari na njugu za kuchoma pembeni. Ukizoea wiki mbili tatu ulimi wenyewe unabadilika. Ukimaliza kula jioni tembea hata dakika 15 kabla ya kuketi na simu, misuli ikifanya kazi inabeba sukari bila kungoja insulini nyingi.

Na chai ya mnanaa, najua utaniuliza. Kuna utafiti mdogo ulionyesha wanawake wenye PCOS waliokunywa vikombe viwili kwa siku kwa mwezi mmoja testosteroni yao ilishuka kidogo, ila ndevu zenyewe hazikupungua kwa huo muda. Kunywa kama unaipenda, mnanaa unaota hata kwa debe nje ya nyumba. Ukinywa bila sukari unapata faida mara mbili kwa sababu haukunywa soda.

*Daktari mimi ni mama wa miaka 51 hapa Mbale, Vihiga. Damu ilinikauka ni kama mwaka na nusu sasa. Usiku nawaka moto, naloa jasho hadi shuka, alafu nashikwa na baridi. Usingizi hakuna, na hasira ndogo ndogo watoto wananiogopa. Jirani ameniambia nikule soya nyingi. Mwingine anasema hiyo ni kisukari. Nisaidie.*

Mama asante kwa kuandika, na pole kwa hizo usiku. Kwa umri wako hiyo inafanana kabisa na kukoma kwa hedhi, ambako kwa wengi kunakuja kati ya miaka 45 na 55, na ukishamaliza miezi 12 bila damu tunasema imekoma. Estrojeni ikishuka, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa, kijoto kidogo tu inaona kama moto, inafungua jasho. Si wazimu na si hasira za bure, mtu asiyelala anakasirika, waambie watoto hivyo.

Jirani wa kisukari usimpuuze lakini. Kupima sukari na presha kwa umri huu ni lazima, na ni kidole tu wanadunga. Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L na zaidi na ikirudiwa ibaki hapo, hiyo ni kisukari. Jasho la usiku pia linaweza kuletwa na TB, kwa hivyo kama unakohoa au unakonda bila sababu sema hospitalini.

Soya inasaidia wengine, wengine haiwasaidii, na kwa wale inasaidia ni pole pole, ipe miezi miwili au mitatu. Ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni. Ila mama soya usisage mbichi, ikaange kwanza ama uichemshe vizuri, mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini. Kijiko kikubwa cha unga wa soya kwa uji wa wimbi kinatosha kuanza nacho. Kama umewahi kuwa na saratani ya matiti ongea na daktari wako kwanza kabla ya kutumia chochote cha namna hiyo.

Jioni usinywe chai moto sana karibu na kulala, pilipili pia punguza, na kama unaonja busaa angalia, wengi pombe ndiyo inawasha huo moto. Lala na leso nyepesi ya pamba, blanketi iwe kando unavuta ukitaka, na maji baridi karibu na kitanda.

Sasa kitu ambacho hukuuliza na ndicho nataka ushike zaidi ni mifupa. Estrojeni ilikuwa inailinda, imeondoka, na mifupa inaanza kupungua bila maumivu yoyote mpaka siku unateleza kwa mlango kiuno kinavunjika. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anahitaji kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku. Na huko kwenu ni rahisi, wimbi ina kama miligramu 340 kwa kila gramu 100, kuna maziwa, kuna mboga kama tsisaka na terere, na kuna omena, wale samaki wadogo. Omena naipigia debe kila mwezi na sitachoka, unakula na mfupa wake na kichwa chake, usiwe yule wa kukata vichwa unawapa kuku. Ioshe na maji ya moto mchanga utoke, ikaange na mafuta kidogo, nyanya, vitunguu, basi. Jua la asubuhi upate kwa mikono na miguu, na kazi ya kubeba na kupanda vilima vya Vihiga usiache, mfupa unakaa imara ukipewa uzito.

Kama joto limezidi na chakula hakisaidii, kuna dawa za kurudisha homoni na kuna nyingine zisizo za homoni kabisa. Daktari atakuuliza historia ya saratani, ya damu kuganda, ya presha, ndio aamue. Hakuna thawabu ya kuteseka. Na ukiona damu tena, hata tone moja, baada ya huo mwaka na nusu, usiseme ujana umerudi, nenda hospitali hiyo wiki.

*Niaje anti, mimi ni mwanaume wa Kakamega miaka 43. Nguvu za kiume zimepungua, nachoka, na kitambi kimekuja. Natafuna mukombero kila siku na kuna kijana ananiuzia poda ya kuongeza nguvu, hiyo ya poda inafanya kazi kweli lakini kichwa kinauma sana. Ni homoni?*

Inaweza kuwa homoni na inaweza kuwa mishipa, na mimi naanzia mishipa. Kwa mwanaume wa umri wako nguvu zikipungua mara nyingi ni damu haifiki vizuri, na hiyo inaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari au presha kabla hata ya kichwa kuuma. Pima hizo mbili kwanza kaka. Testosteroni nayo inapimwa asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kwa sababu ndipo iko juu, ukipima jioni majibu yanakudanganya.

Mukombero sina vita nao. Ni mzizi wetu, unanukia vizuri, wazee wametafuna miaka mingi, lakini utafiti mwingi uliofanywa kuhusu nguvu za kiume ulifanywa kwa panya, si kwa watu, kwa hivyo tafuna kwa utamu na usiweke imani yote hapo. Hiyo poda iache leo. Poda inayofanya kazi haraka hivyo na kuumiza kichwa mara nyingi imewekwa dawa ya hospitali ya kupanua mishipa bila kipimo, na ukiwa na shida ya moyo, hasa kama unatumia dawa za nitrati, presha inaweza kushuka ghafla ukafa. Dawa hizo zenyewe zipo kwa njia halali, daktari akikupima anakuandikia, usione haya.

Kitambi ndicho kinakula testosteroni yako, mafuta ya tumbo yanaibadilisha kuwa estrojeni. Punguza chang'aa na nyama choma za kila wikendi, lala usiku, na kama bibi anasema unakoroma hadi unakata pumzi mwambie daktari hiyo pia. Maharagwe, samaki, mayai, mbegu za malenge, hizo zina zinki na protini, unazipata sokoni bila kijana wa poda.

*Nafanya shifti ya usiku Nakuru, ni mwaka wa pili. Nimenenepa, natamani sukari usiku kucha, period imeanza kuchelewa. Nikunywe nini?*

Si cha kunywa dada, ni saa. Mwili uko na saa yake na homoni zinafuata mwanga na giza, kotisoli inapanda asubuhi, insulini inafanya kazi vizuri mchana kuliko usiku wa manane, kwa hivyo chipsi za saa nane usiku mwili unazipokea vibaya kuliko ungezikula saa saba mchana. Kula chakula chako kikubwa kabla ya kuingia kazi, kama saa moja jioni, na ubebe kitu kidogo cha katikati, yai, njugu, maziwa lala, ndizi moja. Kuanzia saa nane usiku mpaka asubuhi jaribu maji tu au chai ya tangawizi isiyo na sukari, najua Nakuru baridi ya alfajiri inauma. Kahawa mwisho iwe saa saba usiku, maana inakaa mwilini masaa mengi na itakuibia usingizi wa mchana.

Ukifika nyumbani usikae na simu. Weka pazia nzito au leso mbili dirishani, chumba kiwe giza, ulale masaa saba, hata ukiyagawa mara mbili. Majirani watasema wewe ni mvivu, waache waseme. Period ikichelewa pima mimba kwanza, alafu tezi, na uombe kazini kama unaweza kupewa miezi ya mchana.

*Niko chuo Maseno. Nimetumia P2 mara tatu mwezi huu na period zimevurugika kabisa. Nikichemsha tangawizi na mdalasini zitarudi?*

Hazitarudi kwa tangawizi, zitarudi zenyewe ukipumzisha mwili. P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, ina miligramu 1.5 za levonojestreli, homoni nyingi kwa mpigo mmoja, na imetengenezwa kwa dharura ndani ya masaa 72, mapema ndio bora. Haiharibu kizazi, usiogope hivyo, lakini ukiifanya ya kila wiki damu itakuja bila mpango na mimba bado inaweza kuponyoka. Zikipita wiki tatu tangu ile ya mwisho hujaona damu, pima mimba. Na tafadhali nenda kituo cha afya uulize kijiti, koili au sindano, uchague yenye inakufaa, na kondomu iwepo kwa sababu P2 haizuii HIV. Vile vidonge vya kumeza mara moja kwa mwezi vinavyouzwa kwa siri usiguse, havijasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu na vina homoni nyingi kupita kiasi.

*Bungoma hapa. Ni kweli sukuma wiki inaleta uvimbe wa shingo?*

Kwa mtu anayepata ya kutosha ya iodini, madini ambayo tezi ya shingo inahitaji, na anapika mboga zake, hapana. Kula sukuma yako kwa amani. Kenya imekuwa ikiweka iodini kwa chumvi ya kupikia tangu miaka ya 1970, nunua ile ya pakiti iliyoandikwa hivyo, ifunike isikae juani wala karibu na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Lakini kama uvimbe tayari uko shingoni, chumvi na mboga si jibu, enda upimwe tezi.

*Anti nina miaka 30, mtoto wangu wa mwisho ana miaka 6. Maziwa yanatoka kwa matiti nikifinya na hata bila kufinya, na period imekata. Nile nini yakauke? Niko Nakuru.*

Hapa nitakuambia ukweli mama, hakuna chakula. Pima mimba, alafu prolaktini, hiyo ndiyo homoni ya maziwa na ikipanda inafunga period. Inaweza kupandishwa na tezi ya shingo iliyolegea, au na dawa, hasa zingine za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili, kwa hivyo beba pakiti zote za dawa unazotumia uwaonyeshe na usiache yoyote kabla hujaongea nao. Wakati mwingine ni kauvimbe kadogo kwa tezi iliyo chini ya ubongo, mara nyingi si saratani na dawa za kumeza zinakapunguza vizuri. Acha kufinya, ukifinya unaiambia mwili itengeneze mengine. Kama kichwa kinauma sana siku hizi au unaona vibaya pembeni, unagonga milango na watu, usingoje Jumatatu, enda leo. Ukipata majibu niandikie tena, hata kama ni mstari mmoja.